Maji yalinivuja siku tano nikidhani ni mkojo

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni mama wa miaka 27, nakaa Sakina hapa Arusha na nauza vitenge Soko la Kilombero. Kwetu ni Old Moshi, nimeolewa Machame. Naandika kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi na nyumbani sina wa kumwambia.

Mwaka jana mwezi wa nne, masika yamekolea, nilikuwa na mimba ya wiki 27. Jumanne usiku niliamka nikakuta nguo ya ndani imelowa. Maji hayakuwa mengi na sikusikia maumivu. Nikajua mkojo umenitoka, maana siku hizo kila saa nilikuwa chooni. Asubuhi yalitoka tena nilipoinama kufunga mzigo. Jumatano nikaenda zahanati, wakapima mkojo, wakasema UTI, wakanipa vidonge vya siku tano. Hakuna aliyeniangalia kule chini. Ijumaa nilirudi kwa sababu maji hayajakoma, wakaniambia nimalize dozi kwanza. Homa sikuwa nayo, tumbo haliumi, mtoto anacheza kama kawaida. Nikarudi sokoni.

Jumapili alfajiri nikaanza kutetemeka, tumbo likawa linakaza na kuachia, na yale maji yakawa yananuka. Mume wangu ni dereva wa watalii, alikuwa Serengeti na wageni. Jirani akanitafutia bajaji. Hospitalini walinipima joto likawa 39.2, wakasema mapigo ya mtoto yanakimbia sana. Wakaniwekea dripu na sindano. Nilijifungua saa saba mchana mtoto wa kike, gramu 980. Aliishi saa 11. Walimzika kihambani Machame mimi nikiwa bado wodini.

Baadaye nilipewa majibu ya kondo la nyuma. Daktari alinieleza kwa kifupi kwamba kulikuwa na uambukizo ndani ya mfuko wa uzazi, kwenye kuta za chupa ya maji ya uzazi mpaka kwenye kamba ya kitovu. Niliporudi nyumbani mama mkwe akauliza, "Uambukizo gani huo wa kumfuata mtoto mpaka ndani?" Wifi yangu akasema mbele ya watu kwamba hayo ni magonjwa ya zinaa. Mume wangu hakusema kitu. Huo ukimya wake ndio unaoniumiza kuliko maneno ya wifi.

Sasa mtoto wa mama mdogo, ambaye ni nesi Ujerumani, nilimweleza kwa simu akashangaa. Akaniuliza, "Kwani hawakuchukua maji ya uzazi wakapima?" Anasema huko wanaingiza sindano tumboni, wanavuta maji kidogo, wanaangalia sukari, chembe nyeupe, na kitu kinaitwa intalukini-6, wanajua kama kuna uambukizo hata kabla ya homa. Tangu siku hiyo nawaza kwamba mwanangu angepona. Halafu hiyo sukari inanichanganya: mimi nilipimwa kisukari nikaambiwa sina.

Nina mimba nyingine, wiki ya 15. Kliniki niliandikisha kwamba ni mimba ya kwanza, kwa sababu mama mkwe alisema yule hahesabiki, na mimi sikutaka kuanza kuulizwa maswali. Naomba unijibu: kile kipimo cha maji kingemwokoa? Nikadai nipimwe safari hii, hata kwa kwenda Nairobi? Na wifi yangu anasema kweli?

Ni mimi mwanao, Sakina.

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mtoto, na pole kwa kuzikiwa mtoto ukiwa umelala wodini.

Nianze na wifi, kwa sababu hilo ndilo linalokula nyumba yako. Karatasi ya kondo la nyuma haiwezi kumwambia mtu yeyote kwamba una ugonjwa wa zinaa. Kondo likipelekwa maabara hukatwa vipande vyembamba sana, vikatiwa rangi na kuangaliwa kwa darubini. Kinachoonekana ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimejaa kwenye kuta za chupa. Zikifika mpaka kwenye kamba ya kitovu, ina maana mwili wa mtoto mwenyewe nao ulikuwa umeanza kupambana. Hiyo karatasi inaonyesha kwamba vita ilipiganwa. Jina la adui haliandikwi humo. Wifi yako amesoma kitu ambacho hakipo.

Na maadui wa kawaida kwenye vita hii ni wakazi wa mwili wa mwanamke. Ukeni na kwenye utumbo wa kila mwanamke mzima wanaishi bakteria wa aina nyingi, na miongoni mwao wanaweza kuwemo ureaplazima, streptokokasi wa kundi B, E. coli, na wale wanaoongezeka uchafu wa ukeni unapoanza kunuka kama samaki. Wanakaa kwao bila kumdhuru mtu. Shida huanza wanapopanda, wakapita mlango wa kizazi, wakaingia kwenye maji ambamo mtoto anaogelea. Ni kweli kisonono na klamidia navyo vinaweza kuharibu mimba, kwa hiyo mkipimwa wewe na mume wako pamoja ni vizuri, kama wenzi wote wanavyoshauriwa. Ila kumhukumu mwanamke kwa kupata uambukizo wa tumboni ni sawa na kumhukumu mtu kwa kuugua nimonia.

Kuna njia nyingine pia, ya kupitia kwenye damu. Bakteria anayeitwa listeria hukaa kwenye maziwa mabichi, na huku kwetu maziwa ya kuletwa kwa pikipiki kutoka Ngaramtoni tunayapenda. Yachemshe mpaka yafoke.

Sasa yale maji, na maneno ya mdogo wako wa Ujerumani. Hakukudanganya. Ila alikupa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayokutesa.

Kwa nini sindano tumboni, wakati maji tayari yanatoka yenyewe? Kwa sababu yanayotoka chini yamepita ukeni, yamezoa bakteria wa njiani. Ukiyaotesha maabara utapata vimelea hata kwa mama mzima kabisa. Kwa hiyo daktari huangalia kwa altrasaundi mahali ambapo maji yamekusanyika mbali na mtoto, anasafisha ngozi, anaingiza sindano ndefu nyembamba huku anaiona kwenye skrini, anavuta kiasi kidogo. Ni jambo la dakika chache. Wanawake wengi husema liliuma kama sindano ya kawaida na lilitisha zaidi ya lilivyouma.

Maji hayo yakifika maabara, kitu cha haraka kuliko vyote ni sukari. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo ulipochanganyikiwa. Haitafutwi sukari iliyopanda, inatafutwa iliyoshuka. Bakteria wanakula sukari, na chembe nyeupe zinazopigana nao zinakula sukari pia. Maji ya uzazi yaliyovamiwa hubaki yamefilisika. Mwaka 1990 daktari Roberto Romero na wenzake huko Marekani waliandika kwamba sukari ikiwa chini ya miligramu 14 kwa desilita, ambayo kwa vipimo vyetu vya hapa ni kama milimoli 0.8 kwa lita, kuna sababu nzuri ya kushuku uambukizo. Hilo halihusiani na kisukari chako au cha mtu mwingine. Tena mama mwenye kisukari anaweza kuwa na sukari nyingi kwenye hayo maji, uambukizo ukajificha humo.

Cha pili ni kuhesabu chembe nyeupe. Kwa mama ambaye chupa imepasuka, zikifika 30 katika milimita moja ya ujazo, daktari anaanza kuwa na wasiwasi. Kwa ambaye chupa bado nzima, mara nyingi hutumika 50. Cha tatu ni kupaka rangi tone la maji kwenye kioo na kutafuta bakteria kwa macho, rangi ile ya Gram, Mdenmaki aliyeianzisha mwaka 1884. Hiki ni kipimo kizuri kikisema "wapo": ukiwaona, wapo. Kikisema "hawapo" usikiamini sana. Ureaplazima, ambaye ndiye mvamizi wa mara kwa mara, hana ukuta wa nje wa kushika rangi hiyo, kwa hiyo hupita mbele ya darubini kama mtu asiye na kivuli.

Kuotesha ndiko kunakoheshimika kuliko vyote, lakini kunachukua siku, na baadhi ya vimelea vinahitaji chakula maalumu ambacho maabara nyingi hazina. Mama mwenye uchungu wa wiki 27 hana siku tatu za kusubiri.

Ndipo inapokuja intalukini-6. Hiyo ni kengele ya mwili. Chembe zikishambuliwa hutoa protini hiyo kuita wenzao. Mwaka 1993 Romero na wenzake walivilinganisha vipimo hivi vinne, sukari, chembe nyeupe, intalukini-6 na rangi ya Gram, na intalukini-6 ikawa ya kwanza katika kuwanasa wanawake wenye uambukizo. Kiwango kinachotajwa sana ni nanogramu 2.6 kwa mililita. Ila kengele hulia pia moto unapokuwa wa jikoni tu. Siku hizi inajulikana kwamba wapo wanawake ambao maji yao yana intalukini-6 nyingi na hakuna bakteria yeyote anayepatikana. Mwili unapambana ndani bila mvamizi. Kwa hiyo hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachoachwa kiamue peke yake, na hospitali zinazovitumia huvisoma kwa pamoja.

Ulisema huna homa, huna maumivu, na mtoto anacheza. Nimekuwa wodi za wazazi miaka mingi na sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Katika wanawake ambao chupa hupasuka kabla ya wakati, takribani mmoja kati ya watatu huwa tayari ana vimelea kwenye maji siku anapofika hospitali, na wengi wao hawana homa. Vita inapiganwa ndani ya mfuko uliofungwa, damu ya mama bado haijapata habari. Homa ni habari ya mwisho.

Na kuna jambo limefuatana na hilo ambalo nataka ulisome mara mbili. Watu hudhani chupa ikipasuka ndipo vimelea huingia. Mara nyingi ni kinyume. Vimelea hutangulia, wanadhoofisha kuta za chupa kidogokidogo, na mwili ukipambana nao hutoa kemikali zinazoamsha uchungu. Chupa inapasuka kwa sababu ilikwisha kuliwa. Kwa hiyo huo mzigo wa vitenge uliouinamia haukuipasua, na kama kuna mtu alishakwambia ulibeba ndoo kichwani ukamuua mtoto, hajui asemalo.

Kingemwokoa? Nimeliacha swali hili mpaka hapa makusudi.

Tuseme Jumatano ile ungekuwa kwenye hospitali yenye kila kitu. Kwanza, maji yakishavuja, mara nyingi hayabaki ya kutosha kuingizia sindano kwa usalama. Pili, tuseme yamepatikana na sukari imeshuka. Daktari angekupa nini? Angekupa dawa za bakteria kwa mshipa, kwa kawaida ampisilini na jentamaisini, halafu angetaka mtoto atoke, kwa sababu uambukizo wa ndani ya mfuko hautibiki mtoto akiwa bado humo. Dawa inampunguzia mama na mtoto makali, lakini tiba yenyewe ni kuzaa. Sio lazima kwa upasuaji. Ungejifungua mtoto wa wiki 27, Jumatano au Alhamisi badala ya Jumapili, kabla hajaumwa sana. Na kama maji yangekuwa safi, ungelazwa, ungepewa erithromaisini kwa siku 10 kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu ya mtoto, kisha mngesubiri mkihesabu siku.

Kwa hiyo kilichokosekana Jumatano ile hakikuwa sindano ya Ujerumani. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani chenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, hakisemi kila mama achomwe sindano tumboni, kinategemea dalili. Joto la 39 mara moja tu, au 38 likiambatana na kimoja kati ya hivi, mapigo ya mtoto yaliyozidi 160, chembe nyeupe nyingi kwenye damu ya mama au usaha kwenye mlango wa kizazi, hapo uambukizo unashukiwa na dawa zinaanza. Hivyo vitu hapa Arusha vipo. Kipima joto kipo. Fetoskopu ile ya kuweka sikio ipo hata zahanati. Nilipokuwa nesi mchanga huko Moshi, sista wetu wa zamu alikuwa anatusimamisha kitandani kwa mama aliyemwaga maji, tusikilize mapigo ya mtoto dakika nzima, saa mkononi, tuandike. Usiku mmoja mapigo yalitoka 140 yakafika 170 na mama bado yuko baridi, anaongea, anakunywa uji. Sista hakusubiri homa. Alimwita daktari papo hapo. Mama na mtoto walitoka wodini wakiwa hai.

Kilichokosekana, mwanangu, ni mtu wa kukulaza, akafungua njia kwa spekulamu, kile kifaa cha kuangalia ndani ya uke, akakwambia ukohoe, aone kama maji yanateremka. Tone la maji hayo likikaushwa kwenye kioo hutoa michoro kama matawi ya jani, mkojo hautoi. Ulikwenda mara mbili, ukasema mara mbili kwamba maji yanatoka, ukarudishwa mara mbili. Nasema hili waziwazi kwa sababu najua umekuwa ukijilaumu kwa kuchelewa. Hukuchelewa. Wewe ulifika, walioshindwa ni wale waliokupokea. Na hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba angepona. Wa wiki 27, gramu 980, ambaye uambukizo umeshafika kwenye kitovu, anaanza maisha na mlima mkubwa hata kwenye wodi bora za watoto njiti. Angepata nafasi nzuri zaidi. Zaidi ya hapo nikisema nitakuwa nakudanganya.

Tuje kwenye mimba hii. Nairobi usiende kwa ajili ya sindano. Mwanamke asiye na dalili, wiki ya 15, chupa nzima, hana sababu ya kuvutwa maji kutafuta uambukizo. Kuna hatari ndogo ya kumwaga mimba, na majibu hayatakusaidia kwa lolote. Kama ipo siku kipimo hicho kitakufaa, ni mlango wa kizazi ukikutwa umeanza kufunguka katikati ya mimba na daktari anafikiria kuushona, maana mlango haushonwi juu ya uambukizo. Hapo wengine huvuta maji kwanza wahakikishe. Ukifikia huko utakuwa mikononi mwa daktari bingwa naye atakueleza.

Unachohitaji sasa ni daktari bingwa wa wanawake kukuona mapema, kabla ya wiki ya 18. Mlango wa kizazi upimwe urefu kwa altrasaundi ya njia ya uke, kati ya wiki ya 16 na ya 24. Kwa mwanamke aliyewahi kuzaa njiti, ukiwa chini ya milimita 25 yapo ya kufanya: projesteroni ya kuweka ukeni, au uzi. Mkojo uoteshwe, usiishie kwenye kile kijiti tu, kwa sababu bakteria kwenye mkojo bila maumivu wanatibiwa kwa mjamzito. Ukiona uchafu wenye harufu, sema, usione aibu. Kaswende, VVU, malaria na vidonge vya kuikinga kliniki watakupa kama kawaida. Na usinunue dawa za bakteria duka la dawa ukijikinga. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka mwaka 2001 ulionyesha kwamba mama aliyepasuka chupa akipewa amoksisilini yenye klavulanati, mtoto wake njiti anakuwa kwenye hatari zaidi ya ugonjwa mbaya wa utumbo. Na wale wenye uchungu wa mapema ambao chupa ilikuwa nzima hawakunufaika na dawa zile. Watoto wao walipofuatiliwa mpaka miaka 7, waliopata mtindio wa ubongo walikuwa wengi kidogo kwa mama waliopewa dawa. Dawa hizi zina mahali pake, na pa kujikisia mwenyewe si mahali pake.

Shabu, majivu, kujifukiza, kujisafisha ndani kwa sabuni, vyote acha. Vinaua walinzi wazuri wa uke na kuwafungulia njia hao wengine.

Ukiona unyevu tena, wiki yoyote, vaa pedi safi, lala chali nusu saa, kisha simama. Kama maji yanateremka ukisimama na hayanuki mkojo, usisubiri kuche. Usiingize kidole, usikutane na mume, nenda. Na usiende zahanati. Nenda mahali ambapo wana wodi ya watoto njiti: hospitali ya Mount Meru hapo mjini, au kama daktari wako amepanga hospitali ya KCMC, basi Moshi, kilomita 80 hivi, ambako bora ufike mtoto akiwa bado tumboni. Tumbo la mama ndilo gari bora la kumsafirishia njiti. Ukifika useme sentensi hii kama ilivyo: "Maji yanavuja, naomba niangaliwe kwa spekulamu." Ukiambiwa ni UTI bila kuangaliwa, irudie. Namba ya yule jirani wa bajaji iwe juu kabisa kwenye simu yako, na mume wako akiwa porini ajue nani anapigiwa.

Kuhusu mume. Nadhani ukimya wake unatokana na kutokujua zaidi ya kukushuku, lakini usiukisie, mpeleke akasikie. Siku ya kuonana na daktari bingwa aombe ruhusa ya safari moja, aingie nawe chumbani, na umwombe daktari aisome ile karatasi ya kondo mbele yake. Akishasikia kwa masikio yake, kazi ya kuzungumza na mama yake na dada yake ni yake. Wewe usiende kubishana nao. Machame, neno la mtoto wa kiume kwa mama yake lina uzito ambao la mkamwana halina, na safari hii alitumie.

Limebaki moja, nami naliona kubwa kuliko vipimo vyote ulivyoniuliza. Uliandikisha kwamba hii ni mimba ya kwanza. Kwa nesi anayekupokea, mimba ya kwanza ya msichana wa miaka 27 ni jambo la kawaida, anakupima presha na kukupangia tarehe. Hakuna atakayekupima mlango wa kizazi. Hakuna atakayeshtuka ukisema umelowa. Kila kitu nilichokuandikia hapo juu kinaanzia kwenye historia ambayo umeificha. Mama mkwe wako sidhani kama alikusudia ubaya; wazee wetu walikuwa na namna yao ya kufunika msiba wa mtoto mchanga ili mama asonge mbele. Lakini kadi ya kliniki haifuati desturi hiyo.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua meza sokoni, rudi kliniki na kadi yako na kopi ya majibu ya kondo. Mwombe nesi mwenye zamu akusikilize pembeni. Mwambie hii ni mimba ya pili, ya kwanza chupa ilipasuka wiki 27, siku tano kabla ya kujifungua, na kulikuwa na uambukizo. Afute pale alipoandika 1. Na kwenye ile safu ya mimba zilizopita waandike: wa kike, gramu 980, alizaliwa hai.